Matope Uliyoyauza

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Maabara.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi mzima wa mwili. Mama naye hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi, na kuhusu macho anasema kosa ni la miwani. Anakuulizia kila siku. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma unanyamaza, basi nimerudi kwenye karatasi, maana karatasi huwezi kuikata.

Nianze na kazi, kwa sababu hujawahi kuniuliza habari zake. Unakumbuka kidonda cha Baba, kila dawa iligonga mwamba mpaka tukamzika. Tangu hapo ninachofanya ni kutafuta dawa mpya ya vijidudu sugu, na ninaitafuta kwenye matope. Usicheke. Dawa nyingi za namna hiyo zilitoka kwa bakteria wa udongoni, ambao hutoa sumu ya kuwaua majirani wasiwamalizie chakula. Na udongo ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku una bakteria wake, wagumu kama nini, mara chumvi mara jua.

Nimechota matope pwani nzima, hata watu wameniita Bibi Tope. Miaka ikapita, sahani zangu za kuoteshea bakteria hazinipi kitu. Mwaka jana nikachota nyuma ya jiko la Mama, kwenye kiwanja chetu kile kinachoingia maji. Bakteria wa huko ni wavivu kuota. Sahani hukaa wiki kadhaa ukidhani umejichosha bure. Halafu akaota mmoja, mweupe, wa ungaunga, ananukia kama ardhi iliyonyeshewa. Nikampandia pembeni vijidudu vya aina ile iliyommaliza Baba. Kesho yake palikuwa na duara tupu kumzunguka. Vyote vilivyomkaribia vimekufa. Nililia, Kaka, na glavu mikononi, nikashindwa hata kujifuta.

Usinielewe vibaya. Kutoka kwenye sahani hadi kwenye chupa ya dawa ni safari ndefu, na wengi huishia njiani. Lakini ilikuwa imeanza.

Sasa mkuu wetu wa maabara, tunayemwita Bwana Kung'ara, akapata wageni wakubwa. Akaamuru kila kabati lisafishwe. Mwenzangu mwenye zamu akaona sahani zina unga mweupe, akadhani zimeingia ukungu, na kwetu kilichoingia ukungu hakina mjadala. Akazichemsha zote kwenye mtungi wa mvuke, pamoja na akiba niliyoiweka kando. Yeyote kati yetu angeweza kufanya kosa hilo, maana bakteria wa aina hii na ukungu wanafanana kama mapacha. Alikuja kuniomba radhi machozi yanamtoka, na mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia, "Tulia, matope yapo nyumbani, nitachota mengine."

Nikaenda nyumbani, nikakuta malori.

Mama ndiye aliyeniambia kwamba kiwanja umekiuza. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani, kifusi kimemwagwa hadi karibu na jiko. Anasema ulimwambia, "Mama, kile si kiwanja, ni matope tu, hata mbuzi hapakanyagi." Mimi hukuniuliza. Mimi niliyetoka tumbo moja na wewe, ninayemtunza Mama, ninayempeleka hospitali, hukuona haja hata ya kunidokeza. Umenidharau, Kaka, na hilo limeniuma kuliko sahani zote zilizochemshwa.

Umebaki ukanda mwembamba nyuma ya bafu, ambao maji bado yanaufikia. Nimeshajaribu kuchota ukingoni mwake, nikapata chokaa na vipande vya matofali, hakuna kilichoota. Mahali hasa nilipochota mwanzo, upande wa baharini wa ukanda huo, hufunuka maji yakitoka sana, na hiyo ni Jumamosi ijayo. Nilimwomba mnunuzi asubiri. Akanijibu kwa adabu zote kwamba yeye anamjua aliyemuuzia, basi. Kwa hiyo nakuomba, mpigie. Mwambie asimamishe kazi mpaka Jumamosi. Kiwanja ni chake, sikitaki tena. Nataka ndoo moja ya tope. Barua hii anakuletea binamu yetu muuguzi, anayesafiri leo jioni, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka uwe umeisoma.

Nilikuwa nimefika hapa Mama akapiga simu. Tingatinga limekuja, tena Jumapili. Dereva kamwambia ameagizwa amalize leo. Mama akaenda kusimama mbele yake, mtu mzima yule, mpaka jirani akaja kumshika mkono na kumtoa. Nilikuwa nasikia ule mngurumo kwenye simu. Ulipotulia, Mama akasema, "Basi mwanangu, wamekwisha kupafukia."

Kwa hiyo usimpigie mtu. Ile aya ya juu nimeiacha kwa makusudi, nataka usome ujue uliombwa nini.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya kuchua aliyomtumia Mama imefika. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Binamu muuguzi mkaribisheni vizuri, hana kosa. Mama anakusalimu sana. Yeye hawezi kukukasirikia, kazi hiyo ameniachia mimi. Mungu akukinge wewe na wanao na kidonda kisichosikia dawa, maana huku nilikokuwa naitafuta sina tena pa kuchota.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Dada yako.