Safu ya Nne, wa Tatu Kutoka Kushoto

11 Juni

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halinitii tangu nistaafu jeshini. Mama yako anakohoa kidogo, anasema ni vumbi. Wewe huko stoo ya kambini hali yako vipi? Unakula vizuri?

Juzi tulitazama gwaride kwenye televisheni ya kinyozi. Afadhali wewe ulibaki kuhesabu mablanketi. Kikosi cha pili kilipofika mbele ya jukwaa kilipoteza hatua, mchana kweupe, na bendera yao iko mbele inapepea. Watu walicheka, kidogo kinyozi amkate mteja sikio. Fundi viatu akasema wanatembea kama kuku walionyeshewa. Mama muuza maji akawatetea, eti wamesimama juani tangu asubuhi, na isitoshe gwaride halijazi chungu. Nilimwambia kwamba askari wasioweza kwenda pamoja hawataweza kurudi pamoja.

Jioni mtangazaji wa redio aliomba maoni, nikapiga simu. Wanijua, sikusema kwa jumla kama wale wengine. Nilisoma kutoka kwenye daftari langu la kila siku: safu ya kwanza, wa mwisho kulia, mkono unapanda kupita bega. Safu ya nne, wa tatu kutoka kushoto, ameinama upande, hatua tatu nzima mguu wa kulia mahali pa kushoto. Nikasema huyo ndiye aliyevuruga kikosi, na zamani zetu angevua sare siku hiyo hiyo. Mtangazaji alinishukuru mara mbili. Sasa mtaani wananiita Mzee Rula, na naamkiwa hata na wasionipenda.

Andika upesi.

Baba yako


2 Julai

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Siumwi. Mpe mama pole ya kikohozi.

Siku mbili kabla ya gwaride askari mmoja aliteguka mguu, nikatolewa stoo kujaza nafasi yake. Sikukuandikia, nilitaka unione tu ghafla kwenye televisheni. Safu ya nne, wa tatu kutoka kushoto, ni mimi.

Wa pili ni rafiki yangu tunayemwita Twiga. Tulisimama kwa muda wa saa sita bila maji. Tulipokaribia jukwaa niliona magoti yake yanalegea, nikamshika mkanda kwa nyuma, tukaenda hivyo hivyo mpaka tukapita. Hakuanguka.

Wakubwa walijua kikosi kimekosea, hawakujua nani, na mambo yalikuwa yameanza kupoa. Kisha mkuu wa kambi akatupanga kwa safu zile zile, akatusikilizisha kile kipindi kwenye simu yake. Nilikutambua kwenye neno la kwanza. Hakuna aliyejua kwamba yule mzee ni baba yangu, nami sikusema.

Nasubiri kuitwa.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo saa nne na nusu. Nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea mama yako. Ameichukua, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Mkufunzi wa gwaride hufundishwa asiangalie nyuso. Miaka ishirini na miwili niliangalia viatu. Hilo silo la kujitetea, nakueleza tu ilivyokuwa.

Nimemwandikia mkuu wa kambi. Nimesema macho yangu yameingia ukungu, televisheni ya kinyozi ina mistari, na yale ya redioni nilikisia. Hakuna hata moja lililo kweli. Nimekwenda pia redioni kujisahihisha, binti wa mapokezi akasema habari za gwaride zimepoa, watu sasa wanabishana juu ya mchezaji mpira.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Baba yako


30 Julai

Mwanangu,

Sijapata neno. Mama yako hupita posta kila siku akitoka sokoni. Jumatatu ya tarehe 20 Agosti nitakuja mwenyewe kuonana na mkuu wako.

Baba yako


14 Agosti

Baba, shikamoo.

Usije. Barua yako ilisomwa mbele yetu. Kisha wakaleta picha za gwaride, wakaziangalia polepole pamoja na maneno yako. Mkuu akasema, "Macho ya mzee huyu hayana ukungu wowote. Hakukosea hata mtu mmoja." Alisema kwa heshima.

Twiga alieleza nilivyomshika. Akaambiwa ingekuwa heri angeanguka, maana anayeanguka huondolewa kwa machela na safu haiharibiki. Yeye amebaki. Mimi nilivuliwa sare jana.

Sirudi nyumbani. Mtaani wote walikusikia, na sijui nitapitaje pale kwa kinyozi. Nimepata kibarua cha kupakua saruji. Mwambie mama nakula.

Tangu nijiunge nilitamani siku moja unitazame nikiwa gwaridani. Nimesikia ulivyonitazama, hatua kwa hatua. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa makini namna ile.

Mwanao