Kutoa Tano Kwanza

Jumatatu, 6 Juni 1983
Maji yamekatika tena. Nimefika shule nimechelewa, sijanawa uso. Mwalimu Mulei wa Hesabu akanipeleka ubaoni papo hapo. f ya x ni 3x + 5, tafuta inverse, yaani kinyume chake cha kurudisha x. Nikagawa kwa tatu, halafu nikatoa tano. Akaweka mbili kwenye f, ikatoka kumi na moja. Akaweka kumi na moja kwenye jibu langu. Haikurudi mbili. Ilitoka sehemu ya ovyo, tena hasi. Darasa likacheka. Ijumaa narudi ubaoni. Nikikosa, Form Three sipati Fizikia. Namchukia.

Jumatano, 8 Juni
Wambua anakaa nyuma yangu. "Wee bubu, Ijumaa ubebe leso ya machozi." Kwa Kiswahili, na hakuna aliyemshtaki. Shuleni ni Kiingereza tu. Ukiteleza unavishwa kibao cha mbao shingoni hadi jioni. Mimi sijawahi kukivaa, darasani sifungui mdomo. Bubu atateleza vipi?

Alhamisi, 9 Juni
Nimeipata! Kwa Kiingereza nilikuwa nakariri tu. Leo jikoni nimejisemea kwa Kiswahili, polepole. x imezidishwa kwa tatu, ndipo ikaongezwa tano. Tano imeingia mwisho. Basi itoke kwanza. Kumi na moja toa tano, sita. Gawa kwa tatu, mbili. Nimejaribu na nne pia. Imerudi nne.

Ijumaa, 10 Juni
Mulei alibadilisha swali. 4x − 7. Nikaandika (x + 7)/4. Akataka nieleze. Kiingereza kikanikimbia chote. Nikasikia sauti yangu: "Saba ilitolewa mwisho, kwa hivyo inarudishwa kwanza. Halafu unagawa kwa nne."

"Kibao, sir." Wambua. Mshenzi.

Mulei akaweka tatu kwenye f, akapata tano. Akaweka tano kwenye jibu langu. Tatu. Akaukodolea ubao macho, anatafuta kosa. Hakuliona. "Fizikia," akasema, kama anatema. Kisha akanivisha kibao kwa mikono yake. Walitaka nilie. Sikulia.

Jumamosi, 11 Juni
Nimefua sare. Kamba ya kibao imeniachia alama shingoni. Mama akaiona, akanipaka mafuta, hakuuliza. Bado namchukia Mulei. Wambua zaidi. Mchana nimefanya hesabu za ukurasa mzima, mlango wazi, majirani wakipita. Kwa Kiswahili, kwa sauti.