Maji Yaliyomchukua Yona

Jumamosi, Ihumwa. Jua kali, upepo wa vumbi, na mimi nimeamka na hasira zangu.

Leo nimemuua mdogo wangu Yona asubuhi nzima.

Ni kwenye kompyuta, jamani. Mimi ni mtengeneza katuni. Nimepewa kazi ya kuwafundisha watoto wa shule hatari ya mafuriko, nikaamua mto uwe ule wa kwetu Kongwa, uliomchukua Yona msimu wa mvua uliopita. Mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima. Yona alikuwa ameshuka kwenye kisima tulichochimba humo, anachota. Kwetu halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha huko vilimani, maji yakashuka kwa kishindo.

Rafiki yake Elia alikuwa ukingoni, kashika kamba ya punda wa madumu. Elia alirudi nyumbani, na punda akarudi. Yona tulimtoa kwenye miiba, mbali huko chini.

"Kaokoa punda, kamwacha mwanangu afe," mama ananiambia kila nikimpigia simu. Mimi msibani nilimkaba shati Elia, watu wakatuachanisha. Ningemtoa roho.

Kwa hiyo leo nilitaka ushahidi kwamba Elia angeweza kumfikia.

Mwanzo maji yalikuja ya bluu, yanang'aa. Upuuzi mtupu! Nikaongeza uzito, yakawa tope. Nikaongeza kasi. Povu nikalipaka rangi ya udongo, nikatupia magogo na miiba. Nikaiamuru programu iyagawe maji kuwa chembe ndogo zaidi, na hapo uso wake ukaanza kupasuka na kuruka juu. Ndiyo yenyewe sasa. Yakampiga Yona kifuani, yakamkunja, yakambamiza kwenye jiwe.

Nikamrusha Elia amfuate. Yakamvunja naye.

Nikapunguza kasi, nikamrusha tena. Akafa. Nikapunguza kina. Akafa, mshenzi yule! Niliendelea kupunguza mpaka yakabaki maji ya kuogea bata, ndipo Elia akamfikia Yona, akamshika mkono. Nikapiga meza kwa ngumi, nikapiga kelele, "Umeona? Umeona!"

Mama Neema, mpangaji wa chumba cha pili, akagonga ukuta. "Wewe baba, unapigana na nani humo?"

Nikageukia kioo cha kompyuta. Maji ya kuogea bata hayaui mtu. Nilikuwa nakausha mto ili Elia apatikane na hatia.

Najua kompyuta si shahidi, vipimo vyenyewe nimekisia. Lakini nikayarudisha maji yote kama yalivyokuwa. Nikamtoa Elia pale ukingoni, nikaweka umbo langu, na kamba ya punda mkononi. Mtu haruki mwenyewe kwenye programu hii. Lazima nibonyeze.

Yona akaibuka, mkono juu. Kidole changu kiko kwenye kitufe. Nayajua maji yale, nimeyatengeneza mwenyewe, najua yanavyovunja mbavu. Na ni katuni tu, Mungu wangu, katuni tu!

Yona akapita.

Sikubonyeza.

Kesho nikitoka kanisani naenda Kongwa. Mama akinifukuza, na anifukuze. Nitapiga hodi kwa Elia, na akinifungulia, sijui nitamtazamaje usoni.