Herufi Ndogo za Bi Setsuko

The Pearl,
Doha, Qatar.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Damaris,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mgongo unaendeleaje? Na zile dawa za presha, bado unazimeza au umeshaziacha tena? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Yule mama Mjapani ninayemuuguza, Bi Setsuko, alipata kiharusi mwezi wa nane. Hawezi kuongea. Anaandika kwa mkono wa kushoto, nami ninapiga picha ya maandishi na kumtumia bintiye Reiko aliye kazini ili anisomee.

Wewe uliyefundisha darasa la kwanza utanielewa. Wajapani huchanganya herufi za aina mbili katika sentensi moja. Reiko alinieleza kwamba zamani walichukua alama za Wachina, kila alama na maana yake. Lakini Kijapani, kama Kiswahili, hubadilisha neno kwa vipande vya kubandika, na Kichina hakina mambo hayo. Basi wakazilainisha baadhi ya zile alama mpaka zikawa herufi nyepesi za mviringo, za kuandikia sauti tu. Alama kubwa itakuambia "fungua". Herufi ndogo ndizo zitakuambia kama ni nimefungua, nifungulie, au usifungue.

Kiharusi kilimnyang'anya Bi Setsuko zile ndogo.

Kila jioni akawa anaandika alama zilezile: dada mkubwa, nje, fungua. Kisha anakodolea macho mlango wa roshani. Usiku mmoja Reiko aliporudi kutoka kazini nikamuuliza huyo dada ni nani, yuko wapi.

"Ni dada yangu. Alikufa maji angali mtoto, kabla sijazaliwa," akasema. "Mama hapendi kumtaja." Akafuta macho. "Anamkumbuka. Mfungulie mlango, Kawira, tafadhali."

Nikawa nafungua. Bi Setsuko alilia kila mara, nasi tukadhani ni machozi ya faraja.

Mama Mdogo, baada ya muda sebule ikaanza kunuka maji yaliyotuama. Mafundi walikagua mabomba wakasema ni mazima. Nikipiga deki, nikirudi nakuta unyevu karibu na kiti chake, nami sijamwaga kitu.

Wiki iliyopita mazoezi yake ya kuandika yalizaa matunda. Herufi ndogo zikarudi, zikitetemeka, na akaandika sentensi nzima. Nikatuma picha. Reiko alipiga simu papo hapo.

"Funga mlango, Kawira! Ameandika, dada yako yuko nje, msimfungulie."

Nikafunga, nikageuza ufunguo, nikapiga magoti mbele ya Bi Setsuko na kumwonyesha. Nilidhani atatulia. Akatikisa kichwa, akaomba kalamu, akaandika polepole bila kuruka hata herufi moja. Nikatuma picha hiyo pia, na Reiko akanisomea.

"Anasema ameshaingia."

Jeptoo, rafiki yangu anayekaa mtaa wa Najma, ananiambia nifungashe virago. Nimeshindwa. Yule mama akiniona nachukua mkoba ananishika kidole kama mtoto mchanga. Nimehamishia kitanda chake chumbani kwangu, na Ijumaa niliombewa kanisani Abu Hamour. Usingizi anaupata sasa. Mimi ndiye ninayesikiliza.

Nisalimie Levis na Phyllis, na nyanya yetu, shosho, usimwambie lolote, atakosa kula. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Uniombee pia. Utuombee sote humu ndani, watatu tunaojuana, na yule mtoto ambaye sijui nimwombee nini.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kawira