Madirisha Yako Mapya

Dagmawi mwanangu,

Nimekwenda kanisani. Injera na mchuzi wa shiro nimefunika. ~~Usile.~~ Kula.

Vile vishikio vya kufuli ulivyofunga madirishani ni imara kweli. Uliondoka na ufunguo, nami nikakaanga ndani kahawa ya kuwakaribisha majirani. Moshi ukakosa pa kutokea. Zenebech akakohoa: "Dada, mwanao anazuia wezi au anatukausha kama nyama?" Wakakimbia wote kabla ya kikombe cha tatu, chenye baraka. Nikakinywa peke yangu, nikilia kwa moshi.

Mlango bado tunaufunga kwa kamba ya kiatu. Mwizi atapita hapo, Mungu amsaidie, akohoe na yeye.

Kesho nakaanga tena. Acha ufunguo mezani, au baki unywe vikombe vyote vitatu nami.

Mama yako