Kaburi la Kitinda Mimba

Kaka,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mtu mliyekosana naye humpiti kimya. Afya yako sikuulizi. Majeruhi unaoniletea kila wiki wananiambia u mzima na sauti yako haijakauka. Mimi sijambo, ila mgongo unauma kwa kuinama na mikono imepasuka kwa sabuni. Kama hukutaka kujua, basi umeshajua.

Bado tuko kwenye ile shule. Napasulia watu katika darasa la mwisho, juu ya meza mbili za walimu zilizounganishwa, na ubaoni, palipokuwa na hesabu za watoto, nesi anaandika nani anafuata. Jenereta likikohoa, tunamalizia kwa tochi. Sheria zetu unazijua, maana ulizitukana zote: bunduki inabaki getini kwa mlinzi, anayevuja damu zaidi anatangulia, awe wa upande wowote, na kiungo tukikikata hatukitupi, tunakifunga shuka na kuwapa ndugu wakakizike.

Uliponiletea kitinda mimba wetu na risasi kwenye ugoko, sikukuuliza nani alimpa bunduki mtu ambaye mpaka juzi alikuwa anaogopa jogoo. Nilimwosha, nikaondoa nyama iliyokufa, nikaliacha jeraha wazi. Nilikueleza taratibu, kama ninavyowaeleza wote: jeraha la vita halishonwi siku ya kwanza, maana uchafu unafungiwa ndani na nyama inaoza. Wewe ukafura mbele ya manesi, ukasema hata gunia la mkaa huwa linashonwa, ukaniita mchinjaji. Kisha ukaona kitanda cha pili amelala kijana wa ng'ambo ya daraja. Hapo ndipo ulipombeba mdogo wetu ukaondoka naye. Tangu utotoni hujui kusubiri. Ulikuwa unafunua sufuria kabla maji hayajachemka. Yule mtu wako anayejiita daktari akamshona kwa uzi wa nailoni wa buluu, mshono umenyooka kama wa fundi cherehani.

Hasira hasara. Mlimrudisha anaweweseka kwa homa, mguu umevimba, mweusi, harufu yake imetangulia toka getini. Niliukata juu ya goti. Ni mguu ambao mimi ndiye niliyekuwa naufunga kamba za viatu akienda shule, na sikumwachia mwingine kazi hiyo.

Asubuhi iliyofuata kombora likaanguka kwenye hema la nyuma. Walioungua mle hatukuweza kuwatambua wote. Ukafika na watu wako kumuulizia, nami nikakukabidhi kifurushi cha shuka nikasema ndicho tulichopata. Hukukifungua. Ulikaa chini kwenye vumbi ukalia, na sikufichi, kilio kile kilinichoma, kwa sababu sikujua kama bado unaweza.

Sasa nasikia unawapanga vijana mbele ya kaburi lile, mmoja mmoja anaweka mkono juu ya udongo na kuapa, na kwamba Ijumaa mnavuka daraja kulipiza kisasi cha ndugu yako. Ng'ambo kule kuna wanawake wanaochota maji bomba moja na wa kwetu. Nimeandika kwa ajili yao, si kwa ajili yako.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Kitinda mimba yu hai. Hakuwa kwenye hema. Nilikuwa nimemlaza stoo ya vitabu, nyuma ya darasa langu. Nilikudanganya kwa sababu nilijua akipata nafuu tu utampa bunduki mkono mmoja na mkongojo mkono mwingine. Ameondoka na lori la wagonjwa, amevuka mpaka, yuko na mama mahali usipopajua. Mama alijua tangu siku ile. Pale kaburini alilia kweli, lakini alikuwa anakulilia wewe.

Huniamini? Fukua, tena mbele ya hao vijana wako. Utakuta mguu mmoja, na uzi wa buluu bado umeshika, nailoni haiozi. Kila aliyeapa na auone, kisha uwaambie wanakwenda kufia nini.

Na kama lazima mtu aulipie mguu ule, usimtafute ng'ambo ya daraja. Aliyeushona ni mtu wako na aliyeukata ni mimi. Niko darasa la mwisho, mlango hauna kufuli. Bunduki uiache getini.

Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Kitinda mimba hakutuma salamu. Aliuliza tu kama ulilia, nikamwambia ulilia.

Ni mimi mdogo wako,
Mchinjaji