Msimfungie Masika

Kampala, Jumatano jioni

Yaya, dada yangu mpendwa,

Hapo Bulengera mmeamkaje, na kifua chako kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili tu. Simu yako haipatikani tangu juzi, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii, aifikishe kabla ya Jumamosi.

Ujumbe wako wa sauti umeniondolea usingizi. Ulisema: « Masika hapana anatulia. Ku kilio ya jirani alikimbia kuzunguka sanduku ya maiti, halafu bibi ya marehemu naye akakufa. Batu banasema alimuita ku kifo. Samedi tutamupeleka ku chambre ya maombi, akae bila kula mpaka kile kitu kitoke. »

Yaya, binti yangu hakumwita mtu! Ana miaka minane, alichoka kukaa. Na yule mjane wa jirani aliugua tangu nikiwa huko. Wewe mwenyewe ulikuwa unampelekea uji.

Katika nyumba ninamofanya kazi kuna msichana wa umri wake. Ukimtuma chumvi anarudi na paka. Anakatiza watu maneno, anapoteza daftari, hamalizi alichoanza, nyumbani na shuleni, tangu akiwa mdogo. Siku ya kwanza nilicheka, kisha nikaenda kulia jikoni, maana nilikuwa nimemwona Masika. Mama yake alimpeleka kwa daktari. Kumbe ni ubongo unaoshindwa kushika jambo moja. Si pepo, si utundu, wala si malezi yako. Sasa wanampa kazi ndogo ndogo, moja moja, na mwalimu amemkalisha mbele. Anaendelea vizuri.

Mpeleke kwanza hospitali. Wazee wa kanisa wakitaka kuomba, waombe hapo sebuleni, mtoto akiwa ameshiba.

Unamkumbuka yule mtoto wa kule Mulekera aliyeingizwa katika chumba cha maombi kama hicho. Alitulia kweli. Walimtoa wamembeba.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, sokoni.

Jambo moja bado linanitisha. Katika jumbe zako zote nilizoea kumsikia Masika nyuma yako, anagonga sufuria, anauliza, anaimba. Huu wa mwisho nimeusikiliza tena na tena. Nakusikia wewe, namsikia jogoo. Yeye simsikii.

Yaya, ulisema Jumamosi. Masika yuko wapi?

Mdogo wako,
Mama Masika